Viatu vya Mtihani wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nguo zikiwa bado kambani. Nimeziingiza ndani zimelowa kuliko nilipozifua.

Nilipokuwa nikifundisha, niliwaambia wanafunzi kwamba aliyeshindwa mtihani aandike mwenendo wake kila siku hadi atakapourudia, ili asijidanganye. Sasa zamu ni yangu. Nimeshindwa mtihani wa cheti cha ufundi wa kompyuta. Nina miaka sitini na mmoja. Nilifundisha sarufi hadi nilipostaafu, na kabla ya huu sikuwahi kushindwa mtihani wowote.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia. Yeye huniita Mwalimu. Tangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia umelala na ulimi wake umekuwa mzito. Basi yeye anajua na mimi ninashika. Huketi kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya kazi na kusema, "Hapo. Siyo hapo. Hapo," nami hufungua, husafisha, hulehemu na kufunga. Ndivyo karakana yetu inavyoendeshwa.

Leo karani wa chuo cha ualimu alikuja, akasimama mlangoni akikung'uta mwavuli. Kazi ya chuo ndiyo inayofanya karakana isifungwe. Wateja wengine huleta kibodi iliyomwagikiwa chai na kuondoka. Karani alisema kwamba chuo kitakapofunguliwa baada ya mvua, hakuna atakayegusa mashine zao bila cheti.

"Si mimi, Mwalimu," alisema. "Ni wakubwa."

"Ninajua si wewe. Wewe hujawahi kuamua kitu," nilimjibu. Alicheka, lakini habari ilibaki ileile.

Fundi hawezi kufanya mtihani wa vitendo kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ni mimi. Nikishindwa tena, tutafunga. Binti yetu amekwisha kututengea chumba. Fundi atakaa sebuleni kwa mkwewe akitazama televisheni, wala hatakuwa na mashine hata moja ya kuielekezea kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Paa linavuja juu ya meza ya kazi. Nimeweka beseni.

Jumanne, 12 Machi

Nimejiandikisha tena katika kituo cha mafunzo. Niandike hapa sababu ya kushindwa kwangu, kwa kuwa nyumbani sijaisema.

Katika karakana yetu hakuna anayefungua mashine akiwa na viatu. Unavivua kizingitini, unakanyaga saruji kwa nyayo, unakwenda dirishani na kushika nondo kwa kiganja kizima, kisha ndipo unapokuja mezani. Fundi alifanya hivyo tangu alipoanza kazi. Mwili hukusanya umemetuamo, yaani ule umeme mdogo unaokudunda ukishika kitasa, na cheche usiyoiona inaweza kuiua ramu, ile kumbukumbu ya mashine, palepale. Saruji na nondo huuondoa. Alinifunza hivyo kabla hajanifunza hata jina la skrubu.

Kituoni mambo ni mengine. Sakafu ina zulia, dirisha ni kioo kitupu, na kila mtahiniwa huvaa mkononi bangili yenye waya unaobanwa kwenye chuma cha mashine. Sheria zimebandikwa ukutani: viatu wakati wote, asiyevaa bangili amekosa, anayeondoka kwenye meza yake kabla ya kuruhusiwa ameshindwa. Nilizisoma zote. Nilizielewa. Kisha nilipolegeza kifuniko cha mashine na kusikia ile harufu ya vumbi la moto, nikashtukia nimesimama dirishani, bangili nimeiacha mezani, miguu mitupu juu ya zulia, nikipapasa ukuta kutafuta nondo. Sikumbuki kuvua viatu.

Msimamizi ni mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo. Alikuja taratibu. "Shikamoo, Mama," alisema. "Pole. Umeshindwa."

Karatasi ya maswali nilikuwa nimekwisha kuifaulu. Ilikuwa ya juu kuliko zote. Kinachonibakia ni vitendo tu. Lakini nilipofika nyumbani na Fundi akaniuliza kwa macho, nilimwambia kwamba maswali ya kuandika yalinishinda. Ningemwambiaje mtu aliyebakiwa na ujuzi peke yake kwamba ujuzi huo ndio ulioniangusha?

Jumatano, 13 Machi

Uongo wangu umezaa kazi. Leo Fundi amekichukua kitabu cha maswali kwa mkono wa kushoto, akakiegemeza kwenye goti, akasema, "Nita... soma. Wewe... jibu."

Swali moja lilichukua muda wa kuchemka birika. Kila neno alilivuta kama gunia. Wifi yangu, dada yake, ambaye yuko kwetu tangu mwaka jana ili kusaidia, alikuwa akikunja nguo.

"Kaka, ukifika mwisho wa swali hilo, sisi tutakuwa tumeshazikwa."

"Nyamaza... we," alisema Fundi, na hilo lilitoka bila shida.

Nilijibu. Nililijua jibu tangu neno la pili.

Jumanne, 19 Machi

Mazoezi kituoni. Nimewekwa meza moja na kijana, ingawa si kijana sana, ana watoto wawili, anayetengeneza simu kibandani karibu na stendi. Wanamwita Betri. Hii ni mara yake ya tatu. Vitendo anavijua kwa mikono yote miwili. Maswali ya kuandika ndiyo yanayomtoa jasho.

"Ndiye wewe Mama Pekupeku!" alisema alipojua mimi ni nani. "Shikamoo. Nimesikia sifa zako."

"Marahaba. Na wewe ndiye unayerudia kama redio mbovu."

Alicheka hadi msimamizi akageuka.

Tulifungua mashine. Nilivaa bangili, nikaubana waya kwenye chuma, nikashika bisibisi. Mara nikamsikia: "Mama, viatu!" Nilitazama chini. Kiatu kimoja kilikuwa mvunguni mwa meza, na cha pili kilikuwa kikining'inia kwenye vidole.

"Umevivua saa ngapi?"

"Sijavivua."

"Vimetoka vyenyewe? Basi vina akili kuliko mimi."

Tumepatana: yeye atanichungia miguu, nami nitamfunza kusoma maswali. Tatizo lake ni kwamba anajibu kabla swali halijaisha. Likianza na mashine isiyowaka, yeye amekwisha kubadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, kumbe mwishoni swali linauliza nini kifanyike kwanza, na jibu ni kutazama kama waya umechomekwa.

"Betri, soma hadi nukta."

"Mama, wateja wangu hawana nukta. Wanaongea tu."

Ni mtu wa mzaha. Sioni kama atafaulu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimechoka. Sina la kuandika.

Jumanne, 2 Aprili

Viatu vimenitoka mara mbili. Msimamizi alipita nyuma yangu, akaviona, akaenda zake bila kusema. Angesema ingekuwa nafuu.

Njiani kurudi maji yalikuwa yamejaa barabarani hadi kwenye vifundo vya miguu. Nilivivua viatu na kuvibeba mkononi. Hapo nilivivua kwa hiari, nikakumbuka kila kitu.

Jumatano, 10 Aprili

Leo Fundi amesoma swali zima bila kupumzika.

Sikuamini. Hata wifi aliacha kupepeta. Lilikuwa swali refu, la feni na joto la prosesa, naye alilipanda hadi juu kama mtu anayepanda ngazi akishika ukuta, akafika. Kisha akanitazama, uso umelowa jasho, akingojea jibu.

Nilijibu vibaya kwa makusudi.

"Siyo!" alisema, na macho yake yaling'aa kama zamani, nilipokuwa nikishika skrubu isiyotakiwa. "Siyo, Mwalimu. Sikiliza... tena." Akalisoma tena lote.

Nilifundisha muda mrefu, na sikuwahi kujibu vibaya kwa kutaka. Ni kazi kuliko kujibu vizuri. Inabidi uchague kosa ambalo mtu mwenye akili angeweza kulifanya. Kila jioni ninachagua makosa mawili, matatu, kisha ninaosha vyombo nikiwa sina nguvu ya kuinua sufuria. Lakini ulimi wake unafunguka. Daktari alisema tumpe mazoezi ya kutamka, tukampa picha za wanyama, akazitupa. Kumbe alihitaji kitabu cha kompyuta na mwanafunzi mzito.

Neno moja tu linamshinda. "Umeme... umemetua... umemetu..." Anajipiga goti.

"Sema umeme, kaka, inatosha," wifi anamwambia. "Hayo mengine Mwalimu atayajaza."

"Hata... kidogo."

Sasa sijui nitautoaje uongo wangu. Nikiutoa, nitautoa pamoja na kitabu.

Jumanne, 16 Aprili

Kiatu kimoja. Betri anasema tumepiga hatua: zamani vilikuwa viwili.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nitaandika kwa kirefu, kwa sababu sidhani kama nitalala.

Tangu asubuhi mvua ilinyesha bila kupumua. Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Tulikuwa karakanani, mimi nikipiga brashi feni za mashine ya chuo, Fundi kitini na kitabu gotini, wifi mlangoni akitazama maji yakipita. Tulikuwa watulivu. Fundi alikuwa kwenye swali la ramu, na alikuwa akilisoma vizuri.

Betri aliingia mbio, mfuko wa plastiki kichwani. Alikuwa akitafuta lehemu. Duka anakonunua lilikuwa limefungwa kwa mafuriko. Hakuwahi kufika kwetu. Alivua viatu mlangoni alipoona vyetu, akaanza kuamkia watu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Shikamoo, Mama Pekupeku!"

Nilisema haraka, "Lehemu iko kwenye kopo lile." Lakini Fundi alikuwa amekwisha kuinua kichwa.

"Nani... Pekupeku?"

"Si huyu Mwalimu, mzee!" Betri alisema kwa furaha, akikamua shati lake. Kwake hilo ni jina la heshima. Hakujua kwamba nyumbani halijulikani. "Kituo kizima tunamjua. Maswali ya kuandika aliyakung'uta yote, namba moja. Halafu kwenye vitendo akavua viatu, akaenda kushika dirisha! Msimamizi alibaki mdomo wazi. Namna ile utadhani anataka kuruka."

Wifi alicheka. Kisha alimtazama kaka yake, akaacha.

Fundi alitazama miguu yake mwenyewe, mitupu juu ya saruji. Alitazama nondo ya dirisha, pale katikati ambapo rangi imeisha na chuma kinang'aa kwa viganja vyake na vyangu. Kisha akakifunga kitabu. Alikifunga kwa utaratibu, akakibana chini ya kwapa ili kisianguke, akanipa.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Lilitoka limenyooka, bila kukwama hata mara moja. Ningependa ulimi wake ungekwama hapo.

"Si wewe. Ni miguu yangu."

"Nani... aliifunza?"

Betri alisimama na kopo mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba amevunja kitu, ila hakujua ni kipi. "Mzee, nisamehe, mimi mdomo wangu..." Alikwenda kwenye mvua bila lehemu aliyoifuata, na bila mfuko wake wa plastiki.

Nilimweleza Fundi. Nilimwambia kwamba ramu hazijawahi kufa mikononi mwetu, kwamba saruji yetu ni saruji na zulia lao ni zulia, kwamba nilinyamaza kwa kuwa sikutaka aone njia yake imekataliwa. Nilisema mengi, yenye mpangilio mzuri. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alimwita wifi amwinue, wakaingia ndani, akaacha kiti chake pale.

Beseni lilijaa likamwagika, na hakuna aliyelihamisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Hasemi.

Jumamosi, 20 Aprili

Hasemi. Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Bado yumo chumbani. Anakula, ananishukuru kwa kichwa. Kitabu nimekiweka karibu na mto wake, akakisogeza ukutani. Mashine ya chuo nimeifunga peke yangu, na kila skrubu niliyoikaza nilikuwa ninangoja sauti ya kuniambia siyo hapo.

Kituoni sikwenda jana. Nilivaa nguo za kutokea, nikaketi kitandani, nikazivua.

Wifi alinikuta jikoni. Nilijua anakuja kunitania, nikajiweka tayari.

"Wifi," alisema, "ulimficha ili asiumie, au ili usimwone akiumia?"

"Yote mawili."

"Basi umekosa yote mawili." Alichukua kisu mkononi mwangu, akaanza kumenya viazi nilivyokuwa nikiviharibu. "Yule ni kaka yangu. Mimi nimemtania tangu hajaota ndevu, hajafa. Tangu augue, kila mtu anamshika kama yai. Hata wewe. Unadhani mimi namtukana kwa nini? Nataka anijibu."

Tangu alipokuja nilimhesabu kama mdomo usio na kazi. Nilimwambia ninashukuru. Aliniambia nikae, ninamzibia mwanga.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilipofungua karakana asubuhi, Fundi alikuwa kitini mwake. Alikuwa amevaa viatu.

Sijapata kumwona na viatu ndani ya karakana. Ni vile vyake vyeusi vya kwendea harusini. Wifi alikuwa amepiga magoti akimalizia fundo.

"Ananisumbua tangu alfajiri," alisema. "Eti kazini watu wanavaa viatu. Tangu lini?"

"Vaa," Fundi aliniambia.

Nilileta ndala zangu za kutokea, zile zinazonitoka kituoni.

"Siyo hizo. Hizo mguu... unazitema. Vya kamba."

Vya kamba ninavyo. Nilikuwa nikivivaa shuleni siku za wakaguzi. Vilikuwa vimeota ukungu nyuma ya kabati. Nilivifuta, nikavivaa, nikasimama mbele yake nikijihisi mwanafunzi aliyechelewa.

"Mafundo... mawili."

Nilifunga mara mbili.

"Sasa. Fungua."

Nililegeza kifuniko. Harufu ilipotoka, nilihisi kisigino changu cha kulia kikiinuka chenyewe, kikisukuma, kikitafuta njia. Kamba ilikikatalia. Fundi aligonga meza kwa fimbo yake.

"Nimeona!"

"Hakijatoka."

"Kimetaka."

Alinifungulisha na kunifungisha mashine ileile hadi chakula cha mchana. Kila kisigino kilipotikisika, fimbo ililia. Jicho langu lilipokwenda dirishani, fimbo ililia. Yeye ni mkali kuliko msimamizi wa kituo, na hasemi shikamoo. Mwisho alisema maneno marefu kuliko yote tangu augue, akipumzika katikati:

"Mimi nilikuwa na saruji tu. Ningekuwa na bangili... ningevaa bangili. Haya... tena."

Nilifanya tena.

Jumanne, 7 Mei

Viatu havikutoka. Betri alinunua chai kituoni kwa ajili ya miguu yangu. Bado hathubutu kunitazama vizuri. Nilimwambia mzee ameuliza kwa nini hajafuata lehemu yake.

Alhamisi, 9 Mei

Betri alikuja, akasimama nje ya kizingiti kama mtu aliyeitwa polisi.

"Ingia... na viatu," Fundi alisema. "Utaniambia... bangili inavaliwaje."

Nilikuwa nimeazima moja kituoni. Betri alimvalisha mkono wa kulia, ule uliolala, akaubana waya kwenye chuma cha mashine.

"Sisi tunaiita pingu, mzee."

"Kosa gani... nimefanya?"

"Umemzaa Mama Pekupeku."

"Nimemwoa, mjinga wewe," alisema Fundi, akacheka, upande mmoja wa uso ukicheka zaidi ya mwingine. Kisha akamwamuru Betri asome swali, na asijibu hadi nukta. Betri alilisoma hadi nukta. Alijibu vizuri. Nilikuwa nimekosea juu yake pia: hana mzaha anapokuwa na woga, na ana woga karibu wakati wote.

Jumanne, 14 Mei

Mvua imepungua. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua pana mgongo.

Alhamisi, 16 Mei

Kesho. Nimepiga pasi gauni. Binti yetu amepiga simu kusema chumba kimepakwa rangi, kwamba tusiwe na wasiwasi kwa vyovyote vile. Ana moyo mwema. Nilimwambia rangi ikauke vizuri.

Ijumaa, 17 Mei

Asubuhi niliketi kitandani kuvaa viatu. Fundi akasema, "Lete mguu."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Niliweka mguu kwenye goti lake. Alianza kufunga kamba kwa mkono wa kushoto, ncha nyingine akiishika kwa meno. Wifi aliweka kidole juu ya fundo ili lisilegee. Ilichukua muda hadi nikaogopa kuchelewa, lakini sikusema. Mafundo mawili, kila mguu. Aliyavuta kuyapima, kama anavyopima skrubu ya mwisho.

"Haitoki hiyo," alisema.

Kituoni Betri alikuwa chumba cha maswali. Mimi niliingia cha vitendo. Msimamizi alinionyesha meza, iliyo mbali kabisa na dirisha. Nadhani ilikuwa huruma, au tahadhari. Mashine ilikuwa haionyeshi kitu kwenye skrini, inalia tu. Nilivaa bangili. Niliubana waya. Nilichomoa umeme. Nilifungua.

Ilikwenda vizuri. Ramu ilikuwa haijakaa sawasawa. Niliitoa, nikasafisha meno yake, nikaibonyeza hadi ikatoa sauti. Lakini ramu peke yake haikunitosha, kwa kuwa Fundi hasadiki kosa moja. Nikatazama tena, nikakuta kebo ndogo ya umeme wa prosesa imelegezwa. Nilikuwa nimeishika mkononi wakati ngurumo ilipopiga, na taa zote zikazimika.

Wingu lilikuwa zito. Chumba kilikuwa na giza kama la magharibi. Kila mtu alisema "Aa!" Msimamizi alisema, "Tulieni mahali mlipo."

Nami nilikuwa nimekwisha kusimama.

Karakanani, umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, Fundi alinifunza kitu kimoja: achia, rudi dirishani, shika nondo, anza upya. Mwili wangu haukuniuliza. Nilihisi visigino vyote viwili vikijisukuma kutoka, na kamba zikavibana. Nilianza kugeuka kuelekea dirishani, na kitu kikanivuta mkono. Ilikuwa ile bangili. Waya ulikuwa umenyooka wote kati yangu na mashine, ukinishika kama mtu anavyomshika mzee asivuke barabara.

Nilisimama hivyo. Sikuwa nimeiacha meza. Nilitazama miguu yangu gizani: mafundo mawili, mafundo mawili. Nikaketi.

Msimamizi alikuwa amewasha tochi ya simu na mwanga wake ulikuwa juu yangu. Sijui alikuwa ameutupa hapo tangu lini. Aliushusha hadi kwenye viatu vyangu, akautuliza hapo kitambo, kisha akaendelea na meza nyingine.

Umeme uliporudi, nilichomeka kebo ile, nikarudisha waya wa umeme, nikawasha. Mashine ililia mara moja tu, ile sauti fupi ya afya, na skrini ikawaka. Alikuja, akatazama, akaweka sahihi.

"Umefaulu, Mama," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hizo kamba amefunga nani?"

"Mume wangu."

"Amefunga vibaya sana."

"Ndiyo," nilisema. "Ana mkono mmoja."

Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Nje Betri alikuwa ukutani, mikono kichwani. Majibu ya maswali hutoka wiki ijayo. "Nimesoma hadi nukta, Mama," alisema. "Yote. Mpaka zile ndogo." Nilimwambia cheti changu kitahitaji mtu wa mikono miwili yenye nguvu, afaulu asifaulu. Alinipokea mfuko wangu, tukatembea hadi njia panda.

Fundi alikuwa mlangoni mwa karakana, kwenye kiti, na wifi nyuma yake. Niliketi kizingitini. Alinitazama usoni, kisha chini.

"Havikutoka," alisema.

"Havikutoka."

"Umemetuamo?" aliuliza. Nilidhani nimesikia vibaya. Alilisema lote, kama mtu anayeuliza hali ya jirani.

"Haukupata pa kupita," nilisema.

Wifi aliingia ndani kupika chai, akipiga masufuria kuliko ilivyohitajika. Fundi alijisogeza ukingoni mwa kiti, akainama. Kwa mkono wake wa kushoto alishika fundo la kwanza, akaanza kulifungua. Lilikuwa limelowa kwa madimbwi ya njiani na kukaza, na kucha zake ziliteleza. Mikono yangu ilitaka kumsaidia, niliikalia. Mashine ya chuo ilikuwa mezani ikingoja. Beseni lilikuwa kavu. Nilimwachia mguu wangu, nikaegemea mwimo wa mlango, nikafumba macho, nikangoja amalize.